Gonga Ubao Kabla ya Kona

Kwa nini kiboko hupita palepale? Nilisoma zuolojia chuo kikuu, nikatumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kando ya mto wenye viboko, nikawafuata kwa boti, kwa miguu na kwa darubini, na bado sijui. Akitoka majini kwenda malishoni, kiboko ana mbuga nzima mbele yake. Angeweza kushika upande wowote anaoutaka. Lakini atautafuta ukanda uleule wa ardhi alioukanyaga jana, ambao mama yake aliukanyaga kabla hajazaliwa yeye, na ataufuata kana kwamba pembeni yake kuna shimo. Wapo watakaowaambia kwamba ni harufu. Wapo watakaosema ni mazoea. Nimewahi kuyaamini majibu yote mawili, kila moja kwa wakati wake, na kila mara kiboko fulani alinirudisha kwenye swali.

Ninyi vijana wa klabu ya mazingira mlionijia Jumamosi ile na soda mkononi na maswali kwenye simu, mlitaka niwaeleze kazi ya hifadhi ikoje, na kama inafaa kusomewa. Niliahidi kuandika. Sitafuata mtiririko wa miaka, kwa sababu kumbukumbu zenyewe hazinijii hivyo. Nitaanza na hodi.

Hifadhi yetu ilikuwa kusini, mahali ambapo mto hupanuka, hutulia na kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Katikati yake kulikuwa na visiwa vya mchanga vilivyohama kila baada ya masika, kiasi kwamba ramani ya mwaka jana haikuwa na faida zaidi ya kufungia karanga. Ng'ambo ilikuwa nyika: nyasi, mivumo, ile miti jamii ya mnazi, mirefu isiyo na tawi hata moja, na makundi ya swala yaliyoinua vichwa kwa pamoja tulipozima injini. Kwenye kingo walichimba keremu, ndege wadogo wekundu wanaotoboa udongo na kuishi humo kama wapangaji, kila mmoja na mlango wake na kelele zake.

Mkuu wa kituo wakati ule alikuwa Bwana Lukindo, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye shahada kama yangu na tabia ya kupiga pasi hadi soksi. Wiki yangu ya kwanza alinichukua mtoni. Tulipoikaribia kona alizima injini, akachukua mpini wa kasia, akagonga ubavu wa boti mara tatu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyesimama barazani kwa jirani:

"Hodi."

Akangoja. Maji yalikuwa matupu. Punde yakatokea masikio, yakatikisika na kurusha matone, yakafuata macho, kisha pua zikatoa pumzi kwa kishindo. Pale ambapo ningeapa kuwa hapana kitu, palikuwa na familia nzima. Nilicheka. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa majina ya Kilatini, nikamuuliza kama viboko wa wilaya hii wanajua Kiswahili.

"Wanajua ubao," alinijibu. "Hodi ni ya kwako wewe. Ukishasema hodi, unasubiri. Usiposema, mkono unarudi kwenye injini wenyewe."

Hiyo ndiyo elimu yangu ya kwanza ya kazi, na ninawapa kama nilivyopewa. Kugonga kunamfikia kiboko chini ya maji, naye huinuka kuona nani anakuja. Ukishawaona wote, unawaachia maji ya kina, wewe unapita kwenye maji mafupi, kwa sababu kiboko akishtuka hukimbilia kina, na anayesimama kati yake na kina hana wa kumlaumu. Lakini yote hayo hayana maana kama hukusubiri. Kituo kizima kilifuata desturi hiyo, wasomi kwa wapishi, Waislamu kwa Wakristo. Hata mkaguzi aliyetoka makao makuu na viatu vya kung'aa alisema hodi, kwa sauti ya kuona haya, na viboko wakamjibu kwa pumzi iliyomlowesha tai.

Siku moja nikiwa botini na Bwana Lukindo, nilikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Niligonga, nikasema hodi, na kabla neno halijaisha nikawasha. Kiboko aliinuka mbele yangu kama kisiwa kipya. Nilikata kona kwa nguvu hivi kwamba boti ilipanda mchanga na kukwama, juu kabisa, mahali pa wazi. Upande wa pili wa mchanga huohuo alikuwa amelala mamba, kinywa wazi, akiota jua. Mimi na Bwana Lukindo tulikaa pale hadi boti nyingine ilipokuja alasiri, tukiwa tumegawana kisiwa na mwenyeji wetu, nusu kwa nusu. Bwana Lukindo hakunikemea. Alifungua kopo la pilau, akala taratibu, akaniambia kwamba kwa jinsi anavyoona, chakula cha mchana nimekiwahi.

Kazi yetu ilibadilika sana, na mengi yalibadilika kwa wema. Nilianza wakati tunahesabu viboko kwa kunyoosha kidole na kubishana. Nilimaliza wakati kidege kidogo kisicho na rubani kinapanda angani kikivuma kama nyuki na kuleta picha ya mto mzima. Lakini sitasahau kamera za kwanza za kutegea, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita. Tulizifunga kwenye miti tukitarajia chui. Tulipozifungua, kamera moja ilikuwa imejaa hadi pomoni, nasi tukakusanyika tukiwa na shauku. Picha ya kwanza ilikuwa ya Salumu, mpishi wetu, akienda kuchuma bamia. Ya pili ilikuwa Salumu akirudi na bamia. Kuanzia ya tatu alikuwa amekwishaigundua kamera, kwa hiyo tukampata Salumu akichana nywele, Salumu na kofia, Salumu bila kofia, Salumu ameegemea mti kama mwanamuziki kwenye jalada la kaseti. Katikati ya Salumu hao wote alikuwamo chui mmoja, amepita haraka, nusu mkia. Bwana Lukindo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Salumu kama anaweza siku nyingine kumpisha mwenzake.

Salumu alicheka hadi akakaa chini. Huyo ndiye aliyekuwa na vita vya kudumu na nyani, waliomwibia ugali ukiwa bado kwenye mwiko. Huyo ndiye pia aliyenipa kimfuko cha majivu nilichokibeba miaka yote. Ukitembea porini, unakitikisa kidogo, unaangalia vumbi linaelekea wapi, ndipo unajua harufu yako inamfikia nani. Teknolojia zote zilizokuja baadaye hazikunifanya nikiache, maana kimfuko hakiishiwi chaji.

Na njia. Nisisahau njia, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Njia ya binadamu ni mstari mmoja. Njia ya tembo ni pana na laini, imelainishwa na nyayo kubwa. Njia ya kiboko ni mifereji miwili iliyo sambamba na tuta la nyasi katikati, kwa kuwa mwili wake ni mpana na miguu ya kulia iko mbali na ya kushoto. Mtu akiiona mara ya kwanza hudhani kuna mkokoteni umepita. Nimewafundisha jambo hilo wanafunzi wa vyuo vitatu. Nimelichora ubaoni, nimelichora mchangani, nimelichora kwa ukucha juu ya sabuni.

Nilistaafu kwa hiari mara tu umri uliporuhusu. Goti langu la kulia lilikuwa limeshastaafu kabla yangu. Nilikuwa nimenunua kiwanja huku kwetu, nyuma ya kilima cha Wazo, karibu na bwawa mnalolijua nyote. Marafiki zangu wa Mwenge walidhani nimechanganyikiwa kwenda kuishi mbali hivyo, pembeni ya maji, pamoja na mbu na viboko. Niliwaambia kwamba viboko ndio sababu. Ni furaha isiyoelezeka kuamka jijini, ukasikia magari ya saruji yakipanda kilima, kisha kati ya gari na gari ukasikia kile kicheko kizito kutoka majini. Majirani walinipachika jina la Mama Kiboko kabla sijamaliza kuezeka.

Nilijenga kiangazi. Kiwanja kilikuwa vichaka vitupu, na kwenye kona ya chini, upande wa bwawa, palikuwa na alama mbili hafifu zilizokata pembe na kutokea upande wa pili. Fundi Hamisi, kijana wa hapahapa aliyenijengea, aliniuliza ni za nini. Nilizitazama, nikamwambia ni za mkokoteni wa mchanga. Ukuta ukapita juu yake. Kwenye kona hiyo nikapanga kuweka banda la kuku, nikamwaga na msingi wake.

Masika yalipokuja, maji yalipanda na viboko waliokuwa wamejikusanya ng'ambo ya bwawa walirudi upande wetu. Miongoni mwao ni yule jike tunayemwita Bi Harusi, kwa mwendo wake wa taratibu na kwa mtoto wake anayemfuata nyuma kama anayeshika shela. Haikupita muda akaanza kupita kwenye bustani ya Mama Zuhura, jirani yangu, mwanamke wa Lindi anayelima mchicha na matembele kwenye ukanda ulio kati ya ukuta wangu na mtaro wa barabara. Hakula sana. Alikanyaga. Kila alfajiri Mama Zuhura alikuta matuta yamesagwa kama mtu kapitisha trekta. Alipanda upya, yakasagwa upya. Bustani hiyo ndiyo inayowalisha wajukuu wake wanaosoma shule yenu.

Alikuja kwangu, nani mwingine? Nilimshauri amwage pilipili, akamwaga. Nilimshauri atundike makopo, akatundika. Bi Harusi alipita katikati ya makopo kama anayepigiwa tarumbeta.

"Mama Kiboko," aliniambia, "mwambie mwanao aniachie hata tuta moja la mboga ya leo."

Mjumbe wa mtaa akaitisha kikao Jumapili alasiri, na mlioambatana na wazazi wenu mlikuwapo. Wengi walisema imetosha. Kuna watoto mtaani, leo mchicha, kesho mtu. Likapitishwa pendekezo kwamba bustani ikiharibiwa mara moja zaidi, barua iende kwa maofisa wa wanyamapori waje wamwondoe. Sote tulijua kiboko mkubwa mwenye mtoto haondolewi kwa kubembelezwa. Huondolewa kwa risasi. Macho yakanigeukia. Nilisimama nikazungumza vizuri sana, najua kuzungumza, nikaeleza umuhimu wa viumbe na subira. Walinisikiliza kwa heshima, na sikumbadilisha mtu hata mmoja.

Kisha akasimama Mama Zuhura, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika kuliko wote.

"Mie huyu mnyama sina ugomvi naye," alisema. "Miaka yote tunaishi sote hapa. Zamani alikuwaga anapita hukohuko vichakani, wala hatukuonana. Sijui siku hizi vichaka vimemkosea nini."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Vichaka gani? Upande ule vichaka vilikuwa vya mtu mmoja tu.

Kikao kilipokwisha sikwenda nyumbani kwa njia ya kawaida. Nilimwomba Mama Zuhura tupite bustanini kwake, jua lingali juu. Nilifanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza: nikaacha kutazama mchicha, nikatazama nyayo. Zilitoka majini moja kwa moja hadi ukutani kwangu. Hapo zilisimama. Udongo ulikuwa umevurugika, amegeuka huku, amegeuka kule, na mtoto wake pia. Kisha zikafuata ukuta, zikipakana nao kabisa, zikaingia bustanini, zikazunguka kona, na mara baada ya ukuta kwisha zikarudi kwenye mstari wake wa zamani, sawasawa, kama mtu aliyeruka dimbwi na kuendelea na barabara. Nikarudi upande wa bwawa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na maji yalikuwa yametuama katika mifereji miwili, sambamba, na tuta la nyasi katikati, vikija hadi chini ya matofali yangu.

Nilicheka peke yangu pale ukutani. Mama Zuhura akaniuliza nimeona nini.

"Mkokoteni," nikamwambia. "Mkokoteni wa mchanga."

Nikamweleza. Nilikuwa nimeichora njia hiyo kwa ukucha juu ya sabuni, halafu nikaijengea ukuta, kwa sababu moja ambayo haimo katika kitabu chochote nilichosoma: nilikuwa jijini. Kichwani mwangu njia za viboko zilibaki hifadhini, huku mjini kuna mikokoteni. Mpita njia asingekosea hivyo, maana angeuliza. Ni mtu wa kazi hii tu anayeweza kukosea hivi, aliyezoea kwamba mahali pa wanyama pana geti, na kwamba geti likishafungwa nyuma yake, wanyama wamebaki ndani.

Mama Zuhura alinisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia hasira, na ningeistahili. Alifuta mikono yake kwenye khanga, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo miezi yote hii," alisema, "mwizi wa mchicha wangu anaitwa Mama Kiboko."

"Ndiye."

"Haya. Basi mwizi atanisaidia kupanda."

Jioni hiyo nilipiga simu mbili. Ya kwanza kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya, aliyenipa ushauri wa upana unaofaa kuiachia njia na kuniahidi kuja kukagua, na aliyekubaliana nami kwamba watoto wapite barabara ya juu kuanzia jua linapotua. Ya pili kwa Fundi Hamisi. Alidhani nataka kumalizia banda la kuku. Nilipomwambia ninachokitaka, akaniuliza kwa adabu kama niko mzima.

Kama mmesoma hadi hapa mkitafuta jibu la swali lenu, kwamba kazi hii inafaa kusomewa au la, jibu langu ni kwamba inafaa sana, na someni hadi mwisho wa elimu iliyopo. Ubao nilifundishwa na msomi. Kimfuko cha majivu nilipewa na mpishi aliyekuwa na kichana mfukoni. Vyote viwili vilikuwa kwangu siku ile Fundi Hamisi aliponiuliza alama zile ni za nini, na havikunisaidia, kwa kuwa nilimjibu papo hapo. Sikusubiri. Bwana Lukindo angefungua kopo la pilau.

Asubuhi iliyofuata Fundi Hamisi alifika na nyundo kubwa begani na ndoo ndogo ya chokaa. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akauchungulia ukuta kwa huzuni ya mtu anayetazama kazi yake nzuri.

"Mama, huu ukuta niliujenga imara kwa vile ulinisimamia kama askari," alisema. "Leo ndo naadhibiwa."

Akapiga mistari miwili ya chokaa upande wa bwawa, na mingine miwili upande wa pili, pale njia inapotokea. Kona yote ile inatoka mikononi mwangu, msingi wa banda ukiwamo. Ukuta mpya utapita ndani zaidi, na kuku watasubiri. Aliuliza kama pawekwe mageti. Nilimwambia hapana, pabaki wazi.

Mama Zuhura alikuwa tayari upande wa nje, na jembe na miche ya mchicha kwenye beseni. Bwawani, mbali kidogo, yalionekana masikio mawili makubwa na mawili madogo.

Nilimwomba Hamisi anipe nyundo, pigo la kwanza nilipige mimi. Niliigeuza, nikashika upande wa chuma, nikagonga ukuta kwa mpini mara tatu.

"Unafanya nini tena, mama?" Hamisi aliuliza.

"Hodi," nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikangoja.

Kwa kitambo hapakuwa na kitu ila magari ya saruji kilimani. Kisha, kutoka ng'ambo ya matofali, Mama Zuhura akaitikia, na nilisikia kwamba anajizuia asicheke.

"Karibu."

Nikaigeuza nyundo, nikapiga.